Mwalimu Aliyetufundisha Kutoshiba

Sharti nianze na koti. Lilikuwa koti la kijani, la kiume, zito kama mlango wa benki, na alilivaa juu ya sari tangu majani yanapoanza kuanguka mpaka yanapoota tena. Miezi iliyobaki alilifungua vifungo tu, kwa sababu, alisema, jua la London halijawahi kumpa mtu ahadi likaitimiza. Mifuko yake ilikuwa mingi kiasi kwamba naamini mingine mwenyewe hakuwa ameivumbua. Humo zilitoka chaki, miwani ya akiba, kalamu za kutosha kuandikia katiba ya nchi, pilipili za kukaanga, na bhajia zilizofungwa kwenye foili, bado za moto, ingawa zilikuwa zimesafiri kutoka Queensbury hadi Tooting, yaani jiji zima kutoka juu hadi chini. Miguuni alivaa raba nyeupe za mwanariadha. Ndivyo alivyoingia darasani kila Jumanne jioni, akihema, amechelewa, na neno la kwanza mdomoni:

"Nani kachelewa leo?"

Sote tulikuwa tumeshafika. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Tulimwita Mwalimu, basi. Jina lake lilibandikwa mlangoni na hakuna aliyelihangaikia. Alikuwa Mhindi wa kwetu, wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa hasa, kile cha kukusuta huku kinakubembeleza. Siku yangu ya kwanza nilimnong'oneza jirani yangu, "Huyu bibi atatuua." Mwalimu akajibu bila kugeuka kutoka ubaoni, "Siwaui, mwanangu. Nawakanda tu kama unga." Tangu siku hiyo nilinong'ona kwa Kiingereza.

Darasa lenyewe lilikuwa la hesabu za watu wazima, katika chuo kilichokuwa nyuma ya barabara ya maduka ya sari na dhahabu, na lilikuwa na watu wa kila bara isipokuwa lile la barafu. Upande wetu wa Waswahili tulikuwa wawili: mimi Mzanzibari, na Mama Neema, Mkongo aliyeishi mtaa wa Thornton Heath, aliyekuwa akitunza wazee majumbani mwao mchana, akiimba kwaya Jumapili, na akicheka siku zote saba. Mimi nilikuwa nasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Nilivisukuma vizuri, nisijisifu, hata wagonjwa walikuwa wakiomba tuzunguke tena. Lakini nilitaka kuwa nesi. Chuo cha unesi kilikuwa kimeshanikubali kwa sharti moja: nilete cheti cha hesabu cha daraja la pili, ule mtihani wa taifa, kabla ya masomo kuanza Septemba. Nisipoleta, nafasi yangu anapewa mwingine. Mtihani huo nilikuwa nimeshaujaribu mara moja nikaanguka vibaya, nadhani mpaka msahihishaji aliumia.

Basi mtu wangu wa kunivusha alikuwa huyu bibi wa koti.

Na alikuwa bibi wa ajabu. Alitufundisha ramani na dira, kaskazini na kusini, kwa ufasaha ambao ungemfaa nahodha, kisha akitoka kituo cha treni anapitia mlango usio wake. Kila wiki. Tulikuwa tukimwona kupitia dirishani akielekea upande wa hospitali kwa mwendo wa uhakika kabisa, raba zinameremeta, kisha baada ya kitambo anarudi kwa uhakika uleule. Siku moja Mama Neema alimuuliza kwa nini hafundishi hukohuko Queensbury, ambako Wahindi wa Afrika wamejaa. Akasema, "Kule mimi ni shangazi wa kila mtu. Napangiwa kukaanga. Huku angalau nasikilizwa." Kisha akatoa bhajia na kutugawia. Kukaanga alikaanga vilevile.

Makosa aliyapenda. Sijaona mtu wa kuyapenda vile. Ukikosea hesabu kwa njia ya maana, alipiga makofi. "Kosa zuri! Kosa la mtu mwenye akili! Njoo ubaoni ulionyeshe." Nilionyesha makosa mengi ubaoni mwaka ule kuliko mtu yeyote katika historia ya Uingereza. Asichokivumilia kilikuwa karatasi tupu. Ukimwambia, "Mwalimu, sijui," alishika kiuno.

"Usiniambie hujui. Niambie umefika wapi."

"Miye nimefika Thornton Heath tu, Mwalimu," Mama Neema alijibu siku moja. "Zaidi hapana."

"Basi panda basi moja mbele," Mwalimu akasema, na darasa zima likaangua kicheko, hata wale wasiojua Kiswahili. Ucheke usicheke, umefika wapi ndilo swali alilotupiga nalo kila wiki, mpaka nikawa nalisikia hata ninaposukuma kitanda kuingia kwenye lifti.

Kompyuta hakuzipenda. Zilipoletwa chuoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, alizifunika kwa khanga zake mwenyewe, ati zisipate baridi. Sisi tulijua anazifunika asizione. Akilazimika kuitumia moja, aliishika ile panya kwa vidole viwili kama panya wa kweli, na mashine ikichelewa kuitika aliisemesha Kigujarati kikali. Na wallahi ilikuwa ikiitika.

Sasa, mwaka ule wa mtihani wangu, mkuu wa idara alikuja darasani. Alikuwa mama wa Kizungu, mpole, mwenye sauti ya kusomea watoto hadithi. Akatuambia chuo kimepata jaribio jipya la kompyuta, lenye akili. Si kila mtu atapata maswali yaleyale. Ukijibu sawa, mashine inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakuletea rahisi. Inakwenda hivyo, juu na chini, mpaka ijue kiwango chako. Na atakayeonekana yuko tayari ataandikishwa mtihani wa taifa muhula huu. Wengine watasubiri mwaka ujao.

Mwaka ujao! Mimi Septemba ilikuwa mwisho wangu. Nilihisi moyo unashuka mpaka kwenye soksi.

Mkuu alipotoka, darasa likawa soko. Sisi tulizoea kujibu pamoja, kama kwaya, mmoja anaanza na wengine wanaitikia.

"Hii mashini inatenganisha batu!" Mama Neema alilalamika. "Kila mutu na swali lake? Ni ubaya gani tulifanya?"

Mwalimu akapiga meza, akaingia Kiingereza ili darasa zima limfuate. Alikuwa na kipaji cha kueleza kila kitu kwa chakula, na siku hiyo kipaji kilimponza. "Sikilizeni. Fikirini mmealikwa kula. Mwenye nyumba anakupakulia. Ukimaliza sahani, anaongeza, tena kitu kizito zaidi. Unamaliza, anaongeza. Ukibakisha, anajua umeshiba, anakuletea chai. Ndiyo hiyo mashine. Mmefahamu?"

Tulifahamu! Hakuna kitu kilichowahi kufahamika vile darasani. Kila taifa lililokuwa mle ndani lilikuwa na nyumba ya namna hiyo na shangazi wa namna hiyo. Mzee mmoja wa Kitamil alitikisa kichwa kwa hisia kubwa, karibu alie.

Jumanne iliyofuata khanga zikaondolewa, tukakaa. Mimi nilianza vizuri. Nikaulizwa bei ya maziwa, nikajibu. Nikaulizwa asilimia, nikajibu. Ikaja dawa ya kuchanganya na maji kwa uwiano, nikasema hii ndiyo kazi yangu ya kesho, nikaimaliza. Ikaja grafu yenye milima. Nikaimaliza. Ikaja grafu nyingine, na hapo, ndugu msomaji, malezi yangu yakaniinukia.

Kwetu mgeni mwenye adabu hasafishi sahani mara ya nne. Bibi yangu alikuwa akinifinya paja chini ya kitambaa cha meza nikikubali mara ya pili tu. Unasema "alhamdulillahi, nimeshiba," unabakisha tonge mbili tatu, mwenye nyumba anafurahi, heshima ya pande zote inabaki salama. Nilichokwisha kula, nikajiambia, kimeshahesabiwa. Sasa adabu. Nikachagua jibu ambalo nililijua si sahihi, taratibu, kwa unyenyekevu. Mashine ikaniletea swali rahisi. Nikatabasamu. Chai ndiyo hii. Nikabakisha na chai kidogo, maana chai nayo haimalizwi kwa pupa. Ikaniletea rahisi zaidi. Nikaendelea kushukuru na kukataa, kushukuru na kukataa, mpaka ikaniuliza saa ya ukutani inasema saa ngapi, na hata hapo nikasema, la, inatosha, Mungu akuzidishie.

Ikaniandikia kwamba niko ngazi ya mwanzo kabisa. Nianze na kuhesabu vitu.

Nikageuka kumtazama Mama Neema. Naye alikuwa amebakisha. Mzee wa Kitamil alikuwa amebakisha. Darasa zima, kwa heshima na taadhima, lilikuwa limekataa kuongezewa. Aliyefanya vizuri alikuwa bwana mmoja tu wa Kireno, ambaye siku ya maelezo ya chakula alikuwa na mafua nyumbani.

Mwalimu alipita nyuma yetu akisoma skrini, moja baada ya nyingine. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa bhajia, akaila palepale, mbele ya kompyuta, chini ya tangazo alilolibandika mwenyewe la kukataza kula. Hapo tukajua mambo ni mazito.

"Nani kawafundisha nyinyi kushiba?"

"Wewe, Mwalimu," tukasema kwa pamoja. Kwaya yetu ilikuwa imerudi.

Alitutazama. Mashavu yakaanza kumtetemeka, kisha mabega, kisha koti, na kutoka kwenye koti zikaanza kuanguka kalamu. Alicheka mpaka mlinzi wa chuo akaja kuona kuna nini. Tukacheka naye, ila mimi nilicheka nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa inaiona Septemba ikiondoka na kitanda changu cha kusukuma kikinisubiri milele. Naye aliona. Alinishika bega.

"Wewe wa unesi. Usiondoke."

Akatoka kwenda kwa mkuu wa idara, nami nikabaki kwenye korido nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Mkuu alisema, kwa ile sauti ya hadithi, kwamba matokeo ni matokeo, mashine haikosei.

"Haijakosea," Mwalimu alisema. "Niliyekosea ni mimi. Niliwaambia ni karamu, wakaja na adabu. Wapime tena."

Mkuu akasema wakipimwa mara mbili watu wataona kuna upendeleo.

"Basi nipime na mimi. Nitakaa nao, mbele ya ile mashine, uone mwenyewe kwamba haipendelei mtu."

Kila mtu chuoni alizijua zile khanga. Mkuu aliujua uzito wa anachoahidiwa. Nikasikia kicheko kidogo, halafu, "Haya. Jumanne."

Jumanne hiyo Mwalimu alifika mapema. Narudia, mapema. Nadhani alilala kituoni. Alisimama mbele yetu, koti limefungwa vifungo vyote, akasema, "Leo hakuna adabu. Leo nyinyi ni wageni wabaya, wageni wa aibu. Kuleni mpaka mwenye nyumba aishiwe. Akileta kitu kigumu, jueni amekupendeni. Mkishindwa kukitafuna, tafuneni hivyohivyo. Asiyejua ajibu alikofika."

Kisha akavua koti. Hatukuwahi kumwona bila koti. Alikuwa mdogo kama kifaranga. Akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, akaikamata ile panya kwa vidole viwili, akaanza.

Mimi nilikula kama mtu aliyetoka jela. Likija gumu, nasema karibu. Likija gumu zaidi, nasema mbona umechelewa. Zilikuja grafu, yakaja maumbo yenye pembe zisizo na majina, na mwishoni likaja swali lililonishinda kabisa, nikalijibu hadi nilipofika, nikatoka jasho tele na furaha tele. Mama Neema kando yangu alikuwa anaipigia mashine makofi. "Leta! Leta ingine!"

Lakini ninachokikumbuka kuliko hata kiwango changu ni uso wa Mwalimu alipoinuka. Uling'aa kama wa bibi harusi.

"Imeniuliza kitu nisichokijua," alisema. Akarudia kwa Kiingereza, darasa zima lisikie. "Tangu lini mtu ameniuliza kitu nisichokijua! Mimi ndiye ninayeuliza siku zote. Imenifuata, imenifuata mpaka kule mwisho wangu ulipo, ikanigongea mlango." Tangu siku ile zile khanga alizirudisha nyumbani. Kigujarati aliendelea nacho, ila kwa sauti ya kuongea na mjukuu.

Tukaandikishwa mtihani wa taifa, karibu sote.

Ungedhani mambo yameisha. Wapi! Asubuhi ya mtihani Mwalimu alisimama mlangoni mwa ukumbi kutuaga. "Leo si ile mashine," alituonya. "Leo ni sinia la harusi. Kila mtu sinia lilelile, wali, nyama, ndizi, achari, vyote vimeshapakuliwa. Hakuna anayekuangalia unavyokula." Tukaitikia ndiyo, ndiyo, kama watu wanavyoitikia wakiwa na hofu, yaani hatukusikia hata neno.

Nikaingia. Karatasi ikaanza na magumu ya wastani, nikayamaliza. Nikafungua ukurasa, nikakuta swali la ratiba ya basi. Basi linaondoka saa fulani, linafika saa fulani, limechukua muda gani? Rahisi kama kunywa maji. Nikaweka penseli chini.

Chai! Wameniletea chai! Maana yake yote niliyojibu nyuma ni makosa, wamekata tamaa na mimi, swali lijalo wataniuliza saa ya ukutani. Nikarudi nyuma na kifutio mkononi. Nikayatazama majibu yangu yale ya kwanza, mazuri, yasiyo na hatia, nikaona yote ni mabaya. Nikafuta moja. Nikashika la pili.

Ndipo ndizi ikanijia. Nasema kweli, niliiona ndizi, imelala juu ya wali, pembeni mwa pande la nyama, kwenye sinia la harusi. Nani amewahi kula harusini akafika kwenye ndizi akasema nimedharauliwa? Ndizi iko hapo kwa kila mtu. Haijui hata kama umekula nyama. Nikalirudisha jibu nililolifuta kama lilivyokuwa, nikalijibu lile basi, nikageuza ukurasa, na nyama ikaendelea.

Nilifaulu. Mama Neema alifaulu, akaniambia naye alipofika kwenye basi lile aliomba zaburi mbili. Siku ya sherehe nilileta pilau, yeye akaleta samaki na ugali wa kulisha kikosi, na Mwalimu akachelewa, maana alitokea mlango usio wake, tukamwona kupitia dirishani akienda hospitali na akirudi. Aliingia na sufuria la bhajia. "Nani kachelewa leo?" Safari hii Mama Neema alimwambia. Akakumbatiwa mpaka akapotelea ndani ya koti. Na kila mtu alimaliza sahani mara nne, kwa maksudi, tukitazamana.

Septemba ilipofika nilikuwa kwenye chumba cha mihadhara na daftari jipya.

Baada ya hapo maisha yakatutawanya. Darasa likahamishwa, Mwalimu akastaafu, kadi zake za Idi zikawa zinafika wiki mbili baada ya Idi. Mimi nikawa nesi, nikaingia kliniki ya masikio, na binti yangu, ambaye namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, akaanza kuniletea hesabu zake za shule nimsaidie. Namuuliza amefika wapi.

Mwaka mmoja, kuelekea mwisho wa miaka ile ya elfu mbili, niliita mgonjwa anayefuata na likaingia koti. Nililitambua kabla ya aliyelivaa. Alikuwa amepungua ndani yake, ana fimbo, ila raba zilikuwa nyeupe vilevile. Hakunijua, nikiwa na sare na barakoa imening'inia kidevuni. Alikuwa anatazama chini. Alisema, kwa Kiingereza cha upole usio wake, kwamba mjukuu wake analalamika yeye haitiki akiitwa, kwa hiyo wamemleta. Sikujitambulisha. Nilitaka kwanza nifanye kazi vizuri.

Nikamkalisha kwenye kibanda cha kioo, nikamvisha hedfoni, nikampa kitufe. Kila akisikia mlio, abonyeze. Anayepima masikio anafanya hivi: mtu akisikia, unapunguza mlio, asiposikia, unaupandisha. Unakwenda hivyo, chini na juu, mpaka ujue sikio linafika wapi. Alibonyeza. Nikapunguza. Alibonyeza. Nikapunguza tena. Nilimwona kwa kioo, amekunja uso, kitufe amekishika kwa vidole viwili. Tukashuka naye, mlio baada ya mlio, kule chini kabisa ambako wengi wa umri wake hawafiki, mpaka akaacha kubonyeza.

Alipotoka alikuwa na macho mekundu. "Nimeanguka," alisema. "Mwanzo nilisikia. Mwishoni hakuna kitu. Kimya tupu. Basi ndiyo imekwisha."

"Mwalimu," nikasema kwa Kiswahili, "usiniambie hukusikia. Niambie umefika wapi."

Akainua uso. Akanitazama sare, akanitazama usoni, na nikaona akili yake inapanda ngazi, moja moja, ikirudi Tooting.

"Wewe," alisema. "Wewe ni yule aliyeshiba."

"Ndiye. Ulikuwa unasikia, nikakuletea sauti ndogo. Unasikia, nakuletea ndogo zaidi. Masikio yako mazuri kuliko yangu. Huitiki kwa sababu hutaki kukaanga."

Mabega yakaanza, kisha koti. Kalamu mbili zikaanguka sakafuni. Alicheka mpaka watu waliokuwa wakingoja kule nje, wengine wao viziwi kabisa, nina hakika walimsikia. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya sari, akanipa fimbo niishike, akaingia kibandani, akakaa na kujivisha hedfoni mwenyewe.

"Funga mlango," alisema. "Niongezee."